Saa ya mkononi au mkanda wa kifuani: jibu kwa dada anayekimbilia Dunga

Dada yangu, umeuliza ununue saa ya kupima mapigo ya moyo au mkanda wa kifuani. Umesema una miaka 46, unakimbia asubuhi kuelekea Dunga hapa Kisumu, na unameza dawa za presha. Kwa kukimbia, nunua mkanda. Mimi saa ilinitia hofu ya bure miezi mitano, sitaki nawe yakupate.

Nilikuwa nakimbia kutoka Kondele hadi Mamboleo, kisha napanda Riat. Kila siku, hata kabla mlima haujaanza, saa inaniandikia mapigo 168 kwa dakika. Na mimi niko sawa kabisa, napiga gumzo na mwenzangu bila kuhema. Nikaacha kukimbia nikawa natembea, usiku silali nikiwaza moyo una nini. Siku moja pale Mamboleo nikasimama ghafla, nikaweka vidole viwili shingoni kando ya koo, nikahesabu kwa sekunde 15. Mapigo 34, mara nne, 136. Kesho yake nikahesabu hatua zangu kwa sekunde hizo hizo: 42. Mara nne, 168. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu!

Saa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kupima unaorudi. Damu huufyonza mwanga huo, kwa hiyo kila pigo likileta damu, unaorudi hupungua. Sasa mkono ukirukaruka kwa mdundo wa hatua, saa hushindwa kujua mdundo upi ni wa moyo. Weusi wa ngozi zetu nao hufyonza sehemu ya mwanga, na tatuu vilevile. Mkanda hautegemei mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, kama kile kipimo cha hospitali cha kubandikwa nyaya kifuani.

Ila mkanda unataka kutunzwa. Lowesha kwa maji zile sehemu mbili za kusomea, zinazogusa ngozi, kabla hujauvaa. Ukiwa mkavu hutoa namba za ajabu mpaka jasho likutoke. Uvae chini ya matiti, chini kidogo ya ukingo wa sidiria, ubane lakini uweze kuvuta pumzi yote. Ukikuchubua, paka vaselini pembeni tu, isiguse sehemu za kusomea. Ukirudi nyumbani chomoa kile kidude cha mbele, maana kikiachwa kwenye mkanda wenye unyevu hudhani bado umekivaa na kula betri. Betri yangu ya kwanza iliisha kwa wiki tatu kwa sababu hiyo. Kabla hujalipa, unganisha na simu yako hapo hapo dukani kwa Bluetooth. Baadhi ya mikanda ya zamani hutumia ANT+ peke yake, njia nyingine ya kutuma namba bila waya, na simu nyingi hazina hiyo.

Kama huwezi kuvumilia kitu kifuani, kuna vya kufunga mkononi karibu na kiwiko. Navyo hutumia mwanga, lakini pale pana nyama na mtikisiko ni mdogo. Kwa kutembea, au kujua mapigo ukiwa umepumzika, saa inatosha. Ivae vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, isilegee.

Sasa hizo dawa, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Watu watakwambia utoe umri wako kwenye 220, upate 174, ndiyo mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Hiyo ni wastani tu. Mtu anaweza kuzidi au kupungua mapigo kumi au zaidi na akawa mzima. Tena baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, huzuia moyo usipande. Ukizimeza hizo halafu ujilazimishe kufikia namba ya kwenye jedwali, utajiumiza. Beba pakiti ya dawa kliniki, uulize mapigo gani yanakufaa wewe. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama, hata mkanda ukisema 110.

Jumamosi alfajiri nitakuwa upande wa Dunga. Ukipenda, njoo uvae wangu, tuulinganishe na vidole vyako shingoni kabla hujatoa pesa yako.