Kadi ya Mtandao Ikigoma, Usikimbilie Kusakinisha Upya

Wewe unayeanza ufundi wa kompyuta hapa Kisumu, nyingi utakazoletewa ni mitumba: Windows imo tayari, na mwenyewe anataka uongeze Linux kando yake. Iko siku utamaliza kusakinisha, uchomeke kebo ya mtandao, na taa ya kadi ya mtandao ya ndani isiwake hata kidogo.

Mimi yalinipata kwa kompyuta ya mezani ya mwalimu mmoja wa Kondele. Nilisakinisha Ubuntu mara tatu kwa siku mbili, mara nikilaumu kebo, mara diski, na stima nayo ikipotea katikati. Nilikuwa natoa dawa kabla ya kujua kinachouma.

Siku hizi naanza na amri ya `lspci -nnk`, inayoorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta. Tafuta mstari wenye neno Ethernet. Ukiukosa kabisa, usisumbue Linux kwanza. Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, uangalie kama kadi imezimwa huko. Ukiuona, soma chini yake: pana "Kernel driver in use"? Kama hapana, keneli (kiini cha Linux) imeiona kadi ila haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Shika ile nambari iliyo kwenye mabano ya mraba mwisho wa mstari wa Ethernet, mfano 10ec:8168 ya kampuni ya Realtek, ndiyo ya kutafutia draiva. Jina lililobandikwa kwenye kasha halitakusaidia. Intaneti ya kutafutia unaipata kwa simu, kupitia kebo ya USB.

Pitia pia ujumbe wa keneli kwa `sudo dmesg | grep -i firmware`; famuwea (firmware) ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Ikilalamikia faili iliyokosekana kwenye Debian (aina nyingine ya Linux), mara nyingi dawa ya Realtek ni kifurushi cha firmware-realtek. Debian 12 ya 2023 ilipunguza taabu hiyo, maana kisakinishi chake huja na famuwea za namna hii.

Draiva ikiwepo, andika `ip link` uone majina na hali ya kadi. Usihangaike kutafuta eth0, huenda kadi yako inaitwa enp3s0. Ikiwa DOWN, jaribu `sudo ip link set enp3s0 up`. Ikisema NO-CARRIER, haipati mawimbi kutoka upande wa pili: badilisha kebo, kisha tundu la ruta.

Ya mwalimu ilisema NO-CARRIER. Kebo nzima, ruta nzima, draiva ya r8169 ipo. Kumbe Windows ilipozimwa iliilaza kadi, na Linux ikashindwa kuiamsha! Nilizima mashine, nikachomoa waya wa stima, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15, nikarudisha. Taa ikawaka. Lakini ukiishia hapo, tatizo litarudi mara tu mteja atakapoingia Windows tena. Kwa hiyo ingia huko, fungua mipangilio ya kadi yenyewe, uwashe Wake-on-LAN (kuamshwa kupitia mtandao) baada ya kuzima. Fast Startup nayo, ile ya Windows kutozima kikamilifu ili iwake haraka, uizime.

Mwalimu alinilipa bei ya kusakinisha mara moja. Zile mbili nilizimeza mwenyewe.