Kokpiti ya resini haingii kwenye F-5E yangu, nikate wapi?

SWALI: Fundi salama? Najenga modeli ya plastiki ya ndege ya kivita F-5E, seti ya AFV Club skeli 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ya kweli), nataka iwe ya Kenya, zile za jeshi la anga kule Nanyuki. Nimeagiza kokpiti (chumba cha rubani) ya resini, ekzosi zake mbili, na ile sehemu ya mizinga ya puani ya kuonyesha ikiwa wazi. Sasa gundi ya modeli haishiki resini kabisa, na nikiweka kokpiti ndani bodi haifungi, unabaki mwanya kama milimita moja hivi. Nikate resini au nikate plastiki? Ama nimetupa hela? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu, na hongera kwa kuchagua hiyo ndege, F-5 za Kenya zimekuwa kazini tangu 1978 na wanaozijenga ni wachache mno, kwa hiyo hii yako natamani sana imalizike vizuri. Hela hujatupa. Hilo tatizo lako ni la kawaida na linatibika, ila usikate kitu chochote leo.

Gundi kwanza maana hiyo ni fupi. Gundi ya modeli inashika kwa kuyeyusha plastiki, pande mbili zinalainika zinaingiliana zinakuwa kitu kimoja, sasa resini ya hizi seti ni poliyurethani, plastiki ya aina nyingine inayomiminwa kwenye kalibu, na hiyo gundi haiigusi, hata upake chupa nzima. Tumia supaglu kwa vitu vidogo na Araldite (gundi ya epoksi ya kuchanganya) kwa kokpiti yenyewe, kwa sababu Araldite inakupa dakika kadhaa za kusogezasogeza mpaka ikae sawa, supaglu haikusubiri. Na kabla ya yote osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Vikitoka kwenye kalibu ya silikoni huwa vimebaki na mafuta yaliyopakwa ili vibanduke, na hayo mafuta yanakataa gundi na yanakataa rangi pia.

Sasa mwanya. Bati la ndege ya kweli ni jembamba sana, ukilipunguza mara 48 linakuwa jembamba kuliko karatasi, lakini ukuta wa plastiki wa bodi yako una unene kama wa milimita moja, ambao kwa ndege halisi ungekuwa karibu sentimita tano. Aliyechonga kokpiti anataka upana wa ndani uonekane kama wa kweli, kwa hiyo anategemea wewe uikwangue plastiki mpaka iwe nyembamba, na mara nyingi karatasi ya maelekezo inaonyesha hivyo kwa kamchoro kadogo ambako watu wengi wanakapita. Ndo maana jibu langu ni hili: plastiki kwanza, resini baadaye, na resini yenyewe unaikata chini tu, mahali ambapo jicho halitafika.

Fanya hivi. Kata kile kitako kinene kilichobaki pale resini ilipomiminwa, tumia msumeno mwembamba, taratibu, na uache kiasi kidogo cha kumalizia kwa msasa. Kisha chukua chaki ya rangi, isugue kwenye mbavu za kokpiti na kwenye sakafu yake upande wa chini, iweke ndani, funga bodi bila gundi, bana kidogo kwa vidole halafu fungua. Palipobaki alama ya chaki kwenye plastiki ndipo panapogusana, na hapo tu ndo pa kukwangua, kwa wembe uliopinda au kwa msasa uliozungushiwa penseli. Rudia. Kazi hii inachosha na utarudia sana, ila usiikimbize, maana ukilazimisha bodi ifunge kwa nguvu ukaipiga gundi, ule mkazo unabaki humo ndani na baadaye mshono unaachia, mara nyingi rangi ikiwa tayari iko juu.

Kwenye F-5E mahali pa kuangalia sana ni chini, pale sakafu ya kokpiti inapokaa juu ya chumba cha tairi la mbele. Hivi vitu viwili vinagombania nafasi. Weka msasa wa maji namba 240 juu ya kioo, loanisha, sugua tako la kokpiti kwa mizunguko, na kila baada ya muda inyanyue uielekeze kwenye taa: resini ikianza kupitisha mwanga ujue umebakiza kidogo sana, simama. Kama bado haiingii, punguza dari ya chumba cha tairi, hilo hakuna atakayeliona.

Na nasisitiza neno maji. Vumbi la resini ni laini mno na ukilivuta linaingia mpaka ndani ya mapafu, kwa hiyo sugua ikiwa imeloa, vaa barakoa unapotumia msumeno, futa meza kwa kitambaa kibichi, na usifanyie kazi hii pale mnapolia chakula. Kama una watoto nyumbani basi ndo kabisa.

Kuhusu sehemu ya mizinga, hapa nataka ufikirie kabla. F-5E ina mizinga miwili ya milimita 20 puani, na ukiifungua inapendeza kweli, lakini pua hiyohiyo ndo mahali pa kuweka uzito ili ndege isikalie mkia. Wewe tena umeongeza ekzosi za resini huku nyuma, ambazo ni nzito kama zimemiminwa bila uwazi wa kutosha ndani. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, unganisha modeli yote kwa seloteipu, iegemeze juu ya penseli iliyolazwa pale tairi za nyuma zinapokaa, uone inalalia wapi. Ikiangukia mkia, jaza chubwi za kuvulia samaki mbele kabisa kwenye ncha ya pua, na nyingine mbele ya ukuta wa mbele wa kokpiti. Zishike kwa Araldite. Usitumie gundi nyeupe ya mbao, chubwi ni za madini ya risasi, na risasi ikikaa na hiyo gundi inafanya kutu nyeupe inayovimba, na kuna modeli zimepasuka pua miaka baadaye kwa sababu hiyo tu. Kama chubwi hazitoshi na mizinga iko wazi, mimi ningeifunga mizinga na kuokoa msimamo wa ndege.

Umeuliza pia kama ulinunua vitu vya maana. Kwa mtazamo wangu jeti ya 1/48 inabadilishwa kwanza na kiti cha rubani, kisha ekzosi, kisha tairi. Kokpiti nzima ni ya nne, kwa sababu kanopi ya F-5 (kile kioo cha juu ya rubani) ni ndogo na ukiifunga nusu ya ile kazi inapotelea gizani. Wewe iache wazi. Kiti chenyewe kilinganishe na picha ya ndege unayoijenga kabla hujakipaka rangi, F-5 zilienda nchi nyingi na baadhi zilibadilisha viti zikaweka vya kampuni ya Martin-Baker, usije ukamweka rubani wa Nanyuki kwenye kiti cha nchi nyingine.

Rangi: lazima praima (rangi ya msingi), ile ya laka kama Mr. Surfacer, tabaka mbili nyembamba, kwa sababu rangi ya akriliki juu ya resini tupu inabanduka na seloteipu. Vitobo vya hewa vitajitokeza hapo, kila kimoja kizibe kwa tone la supaglu, na kipige msasa ndani ya saa moja, ukikiacha mpaka kesho kinakuwa kigumu kuliko kilichokizunguka na utachimba bonde pembeni yake.

Kiti weka mwisho kabisa, bodi ikiwa imefungwa, imepakwa rangi na stika zimekauka. Kijaribu kwanza na kanopi ikiwa imefungwa juu yake bila gundi, kama kichwa cha kiti kinagusa kioo, punguza chini ya kiti, usiguse kichwa.