Barabara imechimbwa yote, na maji yetu yananuka

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina duka la vitenge Kariakoo, chini ya nyumba ya familia. Mwezi wa pili sasa barabara ya mbele yetu imechimbwa ili kubadilisha mabomba ya maji safi na ya majitaka. Vumbi linaingia kwenye mali, bajaji hazina pa kusimama, wateja wamepungua. Wenzangu wanasema yale ya zamani yangezibwa tu pale yanapovuja, au wangetumia mashine za kupitisha bomba bila kuchimba. Tena siku hizi tatu, maji yakirudi baada ya mgao yanatoka na rangi ya chai na harufu ya chooni. Tukiyachemsha yanafaa? (Mama wa Vitenge)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri. Msiyanywe, hata yakichemshwa. Moto unaua vijidudu, hauondoi uchafu mwingine ulioingia pamoja na majitaka. Fungeni koki ya kwenye mita, simtanki lisipokee hata ndoo moja. Kama limeshapokea, limwageni, lisuguliwe, lioshwe kwa maji yenye klorini. Leo hii mfuate msimamizi wa mradi aje na mtu wa kupima maji. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianza hapa hapa Dar, mwezi Agosti, na waliouguza hawajasahau.

Watu hudhani bomba linalovuja linatoa tu, haliingizi. Ni kweli maji yakiwepo. Yakikatwa, maji yaliyobaki hutelemkia upande wa chini, na bomba linavuta kupitia kila tundu, kama mtu anavyovuta dafu kwa mrija. Tundu likiwa limezama kwenye tope la majitaka, linavuta tope hilo. Maji yakirudi, tope ndilo linalotangulia bombani kwako. Klorini iliyotiwa kule mtamboni Ruvu haiwezi kushindana na uchafu wa namna hiyo.

Sasa hilo la viraka. Kazi hii nimeifanya miaka 31. Nikiwa bado kijana tulikata kipande cha bomba la chuma la inchi 2 lililokuwa likilisha nyumba nyingi. Kwa nje lilikuwa zima, hata rangi yake ilionekana. Ndani kutu ilikuwa imeota vinundu kama kichuguu, pakabaki kitundu ambacho penseli ilipita kwa shida. Bomba la hivyo ukiliziba hapa, presha iliyokuwa ikitokea hapo inahamia penye udhaifu pengine. Tuliziba Jumatatu, Alhamisi tukaitwa hatua kumi mbele. Wenye nyumba walituona wezi, na sikuwalaumu.

La majitaka ni baya zaidi kwa sababu huoza kimyakimya. Ile hewa yenye harufu ya yai viza hupanda juu, na bakteria wanaoishi kwenye unyevu wa dari ya bomba huigeuza kuwa asidi ya salfa. Saruji inaliwa kuanzia juu, pale pale panapobeba barabara. Nimewahi kulishika paa la bomba la namna hiyo, likamomonyoka vidoleni kama chaki iliyolowa. Likishatoboka, mchanga unadondokea ndani na kusombwa, chini ya lami panabaki uwazi, na lami inasimama bila kushikiliwa na kitu mpaka siku roli la mzigo lipite.

Mashine walizozisema wenzako zipo: kichwa cha chuma hulipasua bomba kuukuu humo humo ardhini na kuvuta la plastiki nyuma yake. Zinafaa sana kwenye njia ndefu isiyo na maungio mengi. Mtaani kwenu kila mlango una ungio lake, na kila ungio lazima lifukuliwe. Pia bomba jipya hufuata njia ya lile la zamani. Kama la majitaka limetitia katikati, jipya nalo litatitia, na majitaka hayana pampu hapo, yanategemea mteremko tu. Kwa hiyo kwenu mimi ningechimba.

Lakini msikubali lami irudi kabla ya kujiridhisha. Kuna mradi mmoja niliofanyia kazi, tulilaza bomba kuu jipya zuri sana, halafu wakubwa wakaamua vile vibomba vya kwenda majumbani vibaki vya zamani ili tuwahi tarehe. Haikupita miezi mitano, vikapasuka kimoja kimoja, lami mpya ikakatwa mara ishirini na kitu. Bado nikipita pale roho inaniuma, maana nilisema mara moja tu, kisha nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Ulizia kipande chako, kutoka bomba kuu hadi kwenye mita, na ungio lako la majitaka hadi kwenye chemba, vibadilishwe sasa hivi mtaro ukiwa wazi. Angalia bomba la maji lisilazwe bega kwa bega na la majitaka. Yanapokatizana la maji lipite juu, kwa sentimita 45 au zaidi. Liwekwe presha ya majaribio kabla ya kufukiwa, lisafishwe kwa klorini kabla ya kufunguliwa. Na udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Ukiona katapila linasukuma kifusi chote kwa mara moja, piga picha, tena weka futi ionekane.

SWALI: Mafundi wanakata bomba kuukuu la asbesto kwa grinda mbele ya mgahawa wangu. Kuna madhara? (Baba Lishe)

JIBU: Yapo, waambie wasimame sasa hivi. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na huleta saratani baada ya miaka mingi. Likatwe kwa msumeno wa mkono huku likimwagiwa maji, mkataji avae barakoa ya vumbi laini, na vipande vifungwe kwenye nailoni nzito, visiachwe watoto wakavichezea. Chakula kilichokuwa wazi kitupe. Meza na sakafu usifagie kwa ufagio. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha nacho kitupe kikiwa kibichi.