Swali la Lugha: "Bastola kubwa" au "bastola ya kipenyo kikubwa"?

Swali: Nafasiri makala kuhusu bastola ya Kimarekani iitwayo LAR Grizzly. Nimeandika hivi: "Ni bastola kubwa ya otomatiki nusu, iliyogeuzwa kutoka bastola ya kale, Colt M1911." Mwenzangu aliyeisoma aniambia sentensi haisemi nilichokusudia. Kosa liko wapi? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Jibu: Mwenzako kasema kweli. Maneno yote ni ya Kiswahili, ila manne kati yake yamekaa pasipo pake.

Tuanze na "kubwa". Asomaye "bastola kubwa" atafikiria urefu na uzito wa silaha, ilhali makala yako yazungumzia upana wa risasi na wa tundu la mtutu inamopita. Upana huo ni kipenyo, neno lile lile wanafunzi hulitumia kwenye hesabu za duara. Hapa ni inchi 0.45, yaani takriban milimita 11.43. Basi kivumishi kihamie kwenye nomino yake: bastola ya kipenyo kikubwa. Kikubwa ni kipenyo, ndiyo maana kuna ki-. Usiandike "bastola kubwa ya kipenyo". Hapo kipenyo kimeachwa hakina sifa yoyote.

Na hapa mfasiri sharti aijue silaha yenyewe. Colt M1911 nayo ina kipenyo cha inchi 0.45, kwa hiyo kipenyo sicho kinachozitenga hizi mbili. Tofauti iko kwenye ganda la risasi. Ganda la Colt halifiki milimita 23, lile la .45 Winchester Magnum, aina ya risasi ndefu ya inchi 0.45, ambalo Grizzly iliundwa kulitumia, lapita milimita 30. Ganda refu hubeba baruti nyingi zaidi. Tena kwa kuwa magazini, yaani kikasha cha risasi, hukaa ndani ya kitako, pale mkono unaposhika, risasi ikirefuka kitako nacho hakina budi kupanuka, na mwili mzima wa bastola kuimarishwa. Kwa hiyo Grizzly kweli ni bastola kubwa kwa umbo. Lakini hilo ni jambo la pili, lipe sentensi yake.

"Otomatiki nusu" ni rahisi kurekebisha. Nusu hutangulia: nusu saa, nusu fainali, nusukaputi. Na kama tusemavyo mechi ya nusu fainali, tuseme bastola ya nusu otomatiki. Ukipata nafasi, mfafanulie msomaji kwamba "nusu" hapa haihusu nguvu wala kasi. Silaha ya namna hii ikishafyatuka hutupa ganda tupu na kujipakia risasi nyingine yenyewe, lakini haitafyatuka tena mpaka kifyatulio kiachiwe na kuvutwa upya. Otomatiki kamili huendelea kufyatua maadamu kifyatulio kimeshikiliwa.

"Iliyogeuzwa kutoka" yaleta picha ya fundi aliyeichukua Colt ya mtu akaifumua na kuifanya kitu kingine. Sivyo ilivyokuwa. Grizzly ilitengenezwa upya kabisa huko Utah, Marekani, kuanzia miaka ya 1980. Kilichochukuliwa ni muundo. Andika: iliyobuniwa kwa kufuata muundo wa Colt M1911.

Neno ninalolitetea zaidi ni "kale". Sisi watu wa Mombasa tuna Mji wa Kale, tuna Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, na mizinga yake. Hiyo ndiyo kale: enzi iliyokwisha kupita. M1911, kazi ya mbunifu wa silaha John Browning, iliingia katika jeshi la Marekani mwaka 1911, ikabaki bastola yake rasmi hadi 1985, na hadi leo viwanda vinaitengeneza. Kuiita ya kale ni kuizika ingali hai. Kiswahili kinalo neno linalobeba umri pamoja na heshima: -kongwe. Twasema klabu kongwe, mwanasiasa mkongwe, na hakuna anayedhani vimekwisha. Kwa hiyo, muundo mkongwe. "Wa zamani" si kosa, ila hupunguza ile heshima ambayo mwandishi wako bila shaka aliikusudia.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Ni bastola ya nusu otomatiki ya kipenyo kikubwa, iliyobuniwa kwa kufuata muundo mkongwe wa Colt M1911."

Utakapoendelea na makala, jihadhari na "risasi". Kwa mazungumzo ya kawaida hutaja kitu kizima kinachopakiwa, na pia kile kipande kinachotoka mtutuni peke yake, mbali na kuwa jina la madini ambayo wavuvi hutengenezea chubwi. Makala ya silaha hayavumilii utata huo. Mimi ningeandika "risasi" kwa kitu kizima, na "kichwa cha risasi" kwa kinachoruka, "ganda" kwa kinachobaki, kisha ningeshikilia mgawanyo huo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.