Yule kipa mfupi wa Mexico aliyecheza pia mbele

Habari mkuu. Unamtafuta kipa wa Mexico aliyekuwa akicheza pia ushambuliaji, na wenzako kijiweni wanashikilia kuwa ni Chilavert. Siye. Kwanza angalia mabao yalifungwaje: Chilavert, tena wa Paraguay, alifunga kwa penalti na frikiki huku glovu zikiwa mkononi. Wako ni Jorge Campos, mtoto wa Acapulco, sentimita 168 tu. Pale Pumas, klabu ya Mexico, golini alikuwepo Adolfo Ríos, basi Campos akasogezwa mbele, na msimu wa 1989/90 akatupia mabao 14. Mimi nilimjulia Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani: jezi pana, rangi zinagombana kama doti za kanga dukani. Alizibuni mwenyewe, ujue.