Eigg iendeeni misimu yote, na kila safari wekeni siku za akiba

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji, dada anayeishi Birmingham. Ameandika: "Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tuna siku nne mwishoni mwa Februari. Tumeona picha zako za kile kisiwa cha Scotland, tumekipenda. Tunataka tuende Ijumaa, turudi Jumatatu, Jumanne niko kazini. Tunaanzia wapi?"

Nimeusoma mara tatu. Ni mwezi ule ule, siku zile zile na hesabu ile ile niliyoipiga mimi miaka tisa iliyopita. Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua wapo wengi wenye hesabu kama yako, na hesabu hiyo mimi ilinigharimu.

Kwanza kwa wasiokijua. Eigg ni kisiwa kidogo magharibi mwa Scotland, urefu wake kama kilomita 9, upana kama 5, na wakazi wake ni mia na kidogo. Jirani zake ni Rum, Muck na Canna. Unapanda treni Glasgow mpaka Mallaig, mwisho wa reli, kisha unaingia melini kwa muda wa saa moja na kitu. Mgeni haruhusiwi kuingia na gari, linabaki Mallaig. Kisiwani ni miguu, baiskeli, au teksi ya mwenyeji.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Nilipokwenda Eigg mara ya kwanza nilikuwa na miaka mitano Glasgow, nafanya kazi ya kutunza wazee, na karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka. Bila karatasi sikuweza kusafiri nje. Mama alifariki katika miaka hiyo. Nilisikiliza hitima yake kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani mtandao ulikuwa haushiki. Baada ya hapo nikawa silali. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia, nenda kisiwani ukapumue. Nikamjibu mimi kisiwa changu kiko mbali. Akasema basi nenda cha karibu.

Nikaenda Februari, kwa sababu ndipo nyumba za kukodi zilikuwa rahisi. Ya njiani nayaruka. Nataka nikuoneshe gatini tu. Nimeshuka na begi, maji yamepwa, na kwenye mawe kumelala mwani mweusi, mrefu, umetupwa na bahari. Harufu ilinipiga nikasimama. Ni harufu ya mwani ule ule wanaouanika kina mama kwetu Pemba, yenye chumvi na kitu kidogo cha kuoza. Watu wakanipita na mizigo yao. Mzee mmoja aliyevaa mabuti akanigusa bega akauliza kama ni mgonjwa. Nilikuwa nalia.

Siku tatu zikapita vizuri. Baridi ilikuwepo, mvua ilikuwepo, lakini nilitembea. Jumapili usiku upepo ukageuka ukaanza kuvuma kutoka kusini magharibi, na sisi watu wa pwani tunaujua upepo wa maneno na upepo wa vitendo. Jumatatu meli haikuja. Wakati wa baridi safari si za kila siku, kwa hiyo ikikosekana moja huwezi kungoja ya jioni, unaisubiri ya siku nyingine. Niliondoka Alhamisi.

Nilipoteza zamu tatu. Nilipiga simu kazini kila siku, nikaeleza, nikatuma na tangazo la bandari. Niliporudi, msimamizi wangu akaniita mbele ya wenzangu akasema mtu wa mshahara kama wangu hana haja ya likizo za visiwani. Nikapewa barua ya onyo. Barua hiyo ninayo mpaka leo, iko kwenye droo pamoja na pasipoti yangu. Na nyumbani nako, shangazi yake mume wangu akasema kwenye simu, sauti ikiwa wazi watu wote wanasikia: "Kisiwa cha kwao amekiacha, analipa pesa kwenda kukaa kwenye baridi kisiwa cha watu." Sikumjibu. Yeye hajawahi kuzuiliwa kwenda kumzika mama yake.

Kwa hiyo ninaposema weka siku za akiba, mdogo wangu, sisemi kwa kusoma. Februari weka siku tatu mbele ya kazi. Julai weka moja.

Lakini siku zile za kukwama ndizo zilizonipa Eigg yenyewe. Jumatatu usiku niliwasha hita, birika la umeme na jiko kwa pamoja, nyumba nzima ikazimika giza. Nikatoka na tochi ya simu kutafuta msaada. Jirani, mwanamke wa makamo, akanieleza kwamba kisiwa hakijaungwa na umeme wa bara. Wanauzalisha wenyewe tangu 2008, kwa maji ya vijito, upepo na jua, na kila nyumba ina ukomo wa kilowati 5 kwa wakati mmoja. Ukipitisha, unakatika. Kabla ya hapo wengi walitegemea jenereta zao za dizeli. Aliniambia hayo huku akinipimia unga kwenye bakuli, kwa sababu alijua duka halitafunguliwa mpaka kesho yake na boti ya mizigo haijaja. Chemsha maji kwanza, akasema, ndipo uwashe jiko. Mpaka leo nyumbani kwangu Glasgow, ambako umeme hauna ukomo huo, nachemsha maji kwanza.

Huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari ya ardhi. Kwa miaka mingi Eigg ilikuwa mali ya mtu mmoja, ananunua huyu anamuuzia yule, na mpangaji hajui kesho yake. Mwaka 1997 wakazi, wakati huo wakiwa kama 60 tu, walichangisha wakakinunua kwa pauni milioni 1.5, wakishirikiana na halmashauri ya Highland na shirika la kuhifadhi wanyamapori la Scotland. Tarehe 12 Juni mwaka ule kikawa chao, na kila Juni wanacheza ngoma kuikumbuka siku hiyo. Mtu wa kwetu anayejua kesi za mashamba ataelewa kwa nini nilikaa jikoni kwa yule mama mpaka usiku wa manane.

Tangu safari ile ya kwanza nimekwenda mara kumi na moja, misimu yote minne. Nitasema ninavyoona mimi.

Mei ndiyo. Ukiniuliza mwezi mmoja tu, nenda Mei. Mvua ni chache kuliko miezi mingine, kondoo wamezaa, chini ya miti kuna maua ya buluu kama mtu kamwaga rangi, na kekeo analia mchana kutwa. Na muhimu kuliko yote, usubi bado hawajaanza. Usubi wa Scotland ni wadogo kuliko wa kwetu lakini wanakuja kwa maelfu, hasa asubuhi na jioni pasipo na upepo, kuanzia Juni mpaka Septemba. Nimemwona mwanamume mzima akikimbia kutoka mlimani na shati kichwani. Ukienda Julai au Agosti, beba chandarua cha kichwani, na ukipita kwenye majani marefu vaa soksi ndefu, ukirudi ujikague kupe.

Siikatai Julai. Bahari imetulia, nyangumi wadogo wanaonekana kutoka melini, na mlima wa An Sgùrr unapandika bila taabu. Una mita 393, ukuta wa mwamba mweusi unaosimama juu ya kisiwa kama jahazi lililopinduliwa, na juu yake unaona Rum na Muck na Skye kwa pamoja. Watu ni wengi tu. Nyumba unatakiwa uwe umezilipia tangu baridi.

Kwa wenzangu Waislamu: Juni jua linazama saa nne usiku ikiwa imepita na linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, na giza kamili haliingii. Amueni kabla ya kusafiri mtafuata hesabu gani ya Isha, msije mkabishana kisiwani kama tulivyobishana sisi. Desemba ni kinyume. Jua linatoka saa tatu asubuhi imepita, kabla ya saa kumi alasiri limeshazama, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama wageni wa harusi. Nyama ya halali beba ya kwako kutoka mjini.

Upande wa kaskazini magharibi, kupita kijiji cha Cleadale, kuna ufuko unaoimba. Si maneno ya watalii. Mchanga wake ni mweupe na mkavu, ukiuburuza mguu unalia, sauti kama ya kidole kwenye sahani iliyooshwa sasa hivi. Mara ya kwanza, ile Februari, haukulia hata kidogo, kwa sababu ukiwa na maji hauimbi. Nilidhani nimedanganywa. Nikaja kuusikia Mei mwaka uliofuata, nimevua viatu, karatasi zangu zimeshatoka wiki mbili kabla. Niliburuza mguu kwenda na kurudi kwa saa nzima, na mume wangu amekaa juu ya jiwe ananitazama, hasemi kitu.

Ndiyo maana nawaambia msiende mara moja. Nawaona vijana wetu wa London na Manchester, wana orodha: mwaka huu Iceland, mwakani Norway, kila mahali siku tatu na picha arobaini. Kisiwa hukijui kwa siku tatu. Mgeni wa mara ya kwanza anahudumiwa, mgeni wa mara ya nne anaulizwa habari za watoto wake. Kataeni haraka hii. Fedha mnazotawanya sehemu kumi ziwekeni sehemu moja, mwende mpaka mjue mlango upi unakwama wakati wa mvua. Na msiruhusu mtu awaambie kwamba kupumzika ni kwa wenye mishahara mikubwa. Mlezi wa wazee anayegeuza miili ya watu usiku kucha ana haki ya bahari kama wengine, na zaidi.

Oktoba na Novemba ni za wenye moyo. Majani ya mlimani yanageuka rangi ya kutu, maporomoko ya maji yanashuka kwenye majabali ya Cleadale, na upepo ukiwa mkali unayapeperusha maji yasifike chini. Usiku ukiwa safi, nyota ni nyingi kama za Pemba umeme ukikatika. Msimu huo ndio nakwenda kwenye mapango ya kusini. Moja lina habari mbaya: mapokeo yanasema mwaka 1577 watu karibu 400 wa ukoo wa MacDonald walijificha humo, na maadui zao wa ukoo wa MacLeod wakawasha moto mlangoni mpaka moshi ukawamaliza. Mimi huwa nasimama nje, nasoma Fatiha, naondoka. Lingine ni kubwa kama ukumbi, Wakatoliki walisalia humo kwa siri karne ya 18, na linafikika maji yakipwa tu. Wewe wa bara angalia jedwali la maji kabla ya kwenda. Sisi wa pwani pia tuangalie. Bamvua la kule linarudi kwa kasi kuliko unavyodhani.

Mambo mengine ni machache. Mabuti ya mpira badala ya raba. Koti la mvua la kweli. Dawa zako zote, kwa sababu hospitali hakuna. Chakula cha siku mbili zaidi ya ulizopanga, na zile siku za akiba kabla hujarudi kazini. Nimeshalisema na nalirudia, kwa sababu najua utaondoka hapa unakumbuka mchanga unaoimba na utasahau hili.

Sasa jibu lako, mdogo wangu. Siku nne za Februari na kazi Jumanne, usiende. Mwombe msimamizi wako siku hizo uzisogeze Mei, na umwambie mapema, kwa maandishi, kwamba meli inaweza kuchelewa. Nakala ya barua hiyo ibaki kwako. Akikataa Mei na huna budi Februari, chukua wiki nzima. Mimi nimeshalipia nyumba ya Novemba, ile ya karibu na yule mama wa unga. Nashuka gatini Alhamisi, naondoka Jumatatu, na zamu yangu ya kwanza ni Ijumaa.