Mlima uchaguliwe kwa uwezo wako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na mkwe wangu umfikishie zake. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema mnataka kwenda likizo ya baiskeli za milimani nje ya nchi, siku kumi hivi, ninyi wawili tu. Mwenzako ameng'ang'ania Moab, kule Utah, Marekani, na likizo zenu zinaangukia mwezi wa saba. Wewe umeanza kuendesha milimani juzijuzi na hutaki kuwa mzigo. Unaniuliza mwende wapi, mbebe baiskeli zenu au mkakodi, na mfanyeje msirudi mmenuniana. Najua kwa nini umeniuliza mimi: baba yako na mimi tumeendesha pamoja tangu hujazaliwa, na bado tunazungumza.

Langu kubwa ni hili, mengine yote yanatoka humo: mlima uchaguliwe kwa uwezo wako wewe, si wake. Tena mwambie waziwazi, usizungukezunguke. Mzoefu akipelekwa mahali rahisi hakosi la kufanya. Ataongeza kasi, atatafuta pa kuruka, atashuka mara tatu wewe ukishuka mara moja. Anayejifunza akipelekwa mahali pagumu hubaki na kazi moja tu, kusukuma baiskeli kwa miguu, na aliyesukuma baiskeli kutwa nzima nyuma ya mumewe hafiki jioni na hamu ya maongezi.

Sasa Moab. Sifa zake ni za kweli, mkwe hakudanganywa. Ule mwamba wa mchanga unashika tairi hata pale ambapo macho yanakuapia kwamba utateleza. Njia yake maarufu, Slickrock, ilichorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, kabla hata baiskeli za milimani hazijajulikana. Ni mzunguko wa kilomita 17 hivi, na ukisoma hivyo utadhani ni asubuhi moja ya starehe. Sivyo. Ni kupanda na kushuka kwa ghafla juu ya mwamba mtupu, hakuna kivuli, maji ni yale uliyobeba mgongoni, na mwezi wa saba joto hufika nyuzi 38. Wanaojua Moab huenda Machi hadi Mei, au Septemba na Oktoba. Kama anachokitamani hasa ni The Whole Enchilada, ile inayoanzia milima ya La Sal juu ya mita 3,000 na kuishia Mto Colorado, basi huko juu theluji huchelewa kuyeyuka hadi kiangazi, na ikishayeyuka, huku chini kumeshakuwa tanuri. Ndiyo maana njia ile ina msimu mzuri mfupi, na msimu huo ni vuli ya huko, Septemba na Oktoba. Mwambie Moab ipo, haiendi popote. Mtaenda Oktoba ya mwaka mwingine, ukiwa umekomaa.

Kwa mwezi wa saba, mimi ningewapeleka Portes du Soleil, kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Ni vituo 12 vya mapumziko vilivyoungana. Majira ya baridi watu huja kuteleza kwenye theluji kwa ski, na kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, lifti za kebo hubeba baiskeli. Mnatua Geneva, na kwa gari ni kama saa moja na nusu hadi Morzine. Jirani yake ni Les Gets, na huko ndiko ningekodi nyumba, kwa sababu kuna njia za kijani na buluu, yaani zile rahisi, za kutosha mtu kujifunzia bila kutishwa. Mkwe akisema nimempeleka mahali pa watoto, mkumbushe kwamba mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika Les Gets mwaka 2004 na tena 2022. Za kumtoa jasho zipo.

Uzuri wa lifti kwa wawili wenye uwezo tofauti si kukwepa kupanda mlima tu. Ni kwamba mnapanda pamoja, kila mmoja anashuka kwa njia yake, mnakutana chini. Hakuna anayemchelewesha mwenzake. Whistler kule Kanada nako ni hivyohivyo: kuna njia ya kijani iitwayo EZ Does It, kuna A-Line yenye mirukio ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuishuka, na zote zinakurudisha kijijini palepale. Msimu wa Whistler ni mrefu zaidi, katikati ya Mei hadi Oktoba, basi kama tarehe zitasogea, iwekeni akilini. Na kama likizo itarushwa hadi Desemba au Januari, sahauni kaskazini yote mwende Rotorua, New Zealand, ambako wakati huo ndio kiangazi na njia zinapita katikati ya miti mirefu ya redwood iliyotolewa California.

Uwe mwangalifu na rangi. Ulaya njia hupangwa, kutoka rahisi hadi ngumu, kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Marekani na Kanada nyekundu kwa kawaida haipo: kuna duara la kijani, mraba wa buluu, almasi nyeusi, almasi mbili nyeusi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutoka kwenye buluu iliyomfurahisha akaingia nyeusi akidhani anapanda ngazi moja tu. Halafu rangi hupimwa na wenyeji kwa macho ya wenyeji. Siku ya kwanza, popote mtakapokuwa, wewe anza na rangi moja chini ya ile uliyoizoea. Hata mkwe, ila yeye hatakusikia.

Na asikufundishe. Nasema hivi kwa mapenzi, kwa sababu ni kijana mwema. Mume akimwambia mkewe "achia breki, amini tairi", mke husikia jambo jingine kabisa. Asubuhi ya kwanza mlipie mwalimu wa pale pale, uwe naye wewe peke yako, na mwenzako aende akamalize kiu yake mlimani. Mkutane mchana. Mwalimu atakuonyesha kwa saa mbili namna ya kusimama juu ya pedeli, kuangalia mbali badala ya kulitazama jiwe lililo mbele ya tairi, na kuvunja mwendo kabla ya kona badala ya ndani yake. Hayo matatu yatakubadilishia safari nzima.

Mchana mkiwa pamoja, wewe tangulia. Mwendo ni wa aliye mbele, na aliye nyuma hawezi kuachwa. Kuna jambo ambalo watu wa kasi hawalioni hata uwaambie: mwenye kasi akitangulia hufika njia panda, hushuka, hunywa maji, hupumua, na wewe ukitokea tu anasema, "Haya, twende." Yeye amepumzika dakika tano, wewe hujapumzika hata moja. Mkifanya hivyo siku nzima, aliyechoka ndiye anayepumzika kidogo zaidi, na ajali hupatikana hapo. Wekeni sheria kabla hamjaondoka: anayefika wa mwisho ndiye anayesema lini mnaondoka.

Siku ya tatu au ya nne msiendeshe kabisa. Kwenye mlima wenye lifti mtu hushuka zaidi kwa siku moja kuliko anavyoshuka kwa wiki kadhaa nyumbani, na kinachochoka kwanza si miguu, ni vidole na mikono ya mbele, kwa kubana breki. Ukiona unashindwa kufungua kizibo cha chupa ya maji, siku yako imekwisha, hata kama jua bado liko juu na tiketi imelipiwa.

Umeuliza kuhusu baiskeli. Kodini, nyote wawili. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ina kilo 14 hadi 16, begi lake gumu linaongeza nyingine, na mashirika mengi ya ndege yanakomea kilo 23. Hapo bado hamjatoa pedeli (ya kushoto hufunguka kinyume, mkwe anajua), hamjafungua deraila (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo), hamjaweka kipande cha plastiki kati ya pedi za breki ili mtu akibonyeza mkono wa breki njiani pistoni zisijifunge. Na mkifika, wiki ya lifti itakula pedi na tairi zenu wenyewe. Acheni ziliwe za watu. Bebeni vinavyogusa mwili: helmeti, viatu, glavu, kinga za magoti, na pedeli zenu.

Ila ya kukodi usiipokee hivihivi. Mnapoweka nafasi watumie urefu wako na uzito wako, na uulize breki ya mbele iko mkono gani. Ufaransa, Uswisi, Marekani na Kanada kwa kawaida breki ya mbele huwa kushoto. Uingereza, Australia na New Zealand huwa kulia. Ukibana kwa mazoea kwenye mteremko mkali ukashika ya mbele badala ya nyuma, utavuka usukani kabla hujajua kilichotokea. Kwenye breki za mafuta kubadilisha ni kazi ya fundi, kwa hiyo waambie mapema, si asubuhi ya siku yenyewe kukiwa na foleni mlangoni.

Halafu shokapu. Baiskeli za kukodi mara nyingi zimepigwa upepo kwa ajili ya mwanamume mzito, na wewe ukiipanda hivyo itakurusha kama punda. Kwenye shokapu ya nyuma utaona kipete chembamba cha mpira. Kisukume hadi kigusane na sili, ule mpira unaoziba mdomo wa shokapu. Vaa mzigo wako wote, begi na maji yakiwemo, kaa taratibu juu ya baiskeli bila kuidundisha, kisha shuka taratibu. Kipete kitakuwa kimesogea. Kama shokapu ina nafasi ya milimita 50 ya kubonyea, kipete kiwe kimesogea 12 hadi 15. Kikisogea 5, upepo umezidi, wautoe kwa pampu yao ndogo yenye geji. Na ukiwa hapohapo, waambie wausogeze mkono wa breki karibu na usukani hadi kidole kimoja cha shahada kiufikie bila kunyooshwa. Kuna skrubu yake ndogo, ni kazi ya dakika moja. Fundi akikuonyesha uso wa kuchoka, subiri tu, usiondoke.

Nilijua utauliza pia kuhusu baiskeli ya umeme. Ya kwenu hamwezi kuruka nayo: betri za lithiamu kwenye ndege za abiria zinaruhusiwa hadi wati-saa 100, au 160 kwa kibali cha shirika, na betri ya baiskeli mara nyingi huwa na mara tatu au nne ya hizo 160. Huko zinakodishwa. Itakusaidia kumfikia mwenzako mlimani juu, ndiyo, lakini inasawazisha mapafu, haisawazishi woga. Kilo zake 22 au zaidi ziko nawe wakati wa kushuka, na kuzisimamisha kwa mikono ya anayejifunza ni shughuli. Siku ya matembezi marefu ya wawili, kodi. Siku za lifti, acha.

Ya makaratasi nayapitia haraka. Kama mtahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Uswisi zikiwemo, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na jibu huchukua siku 15 kwa kawaida, lakini kiangazi msikae mkingoja. Miadi ndiyo inayokwisha. Ombeni kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Mkikaa Les Gets, hiyo ni Ufaransa, hata kama mchana mtavuka kwenda Champéry upande wa Uswisi. Na mtavuka kweli, juu ya baiskeli, pengine bila kuona kibao, basi pasipoti ikae kwenye begi. Angalieni na vifurushi vya simu: vingi vya Umoja wa Ulaya haviingizi Uswisi.

Bima msinunue ile ya kubofya wakati wa kulipia tiketi. Schengen inataka ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini kiasi si tatizo, tatizo ni yale yaliyoandikwa chini kwamba hayalipiwi. Tafuteni kwa maneno kama baiskeli ya milimani imo, kama njia za lifti zimo, kama uokoaji wa helikopta umo, kama nchi zote mbili zimo, na kama imo hasara mtakayotia kwenye baiskeli ya kukodi. Wakijibu kwa simu kwamba "hakuna shida", waombe waandike. Na namba ya dharura kwa Ufaransa na Uswisi ni 112, muiweke kwenye simu zote mbili, kwa sababu mtakuwa mnashuka njia tofauti.

Mkishakubaliana tarehe nitumie kabla hamjalipia nyumba, nikuangalizie kama lifti za Les Gets zimeshafunguliwa siku hizo. Na mkwe akitaka kubishana kuhusu Moab, anipigie mwenyewe.

Mama yako